Mabirika ya Lamu

Mimi ni fundi bomba, na nikiingia nyumba ya kale ya mawe mjini Lamu, kwanza huomba nioneshwe chooni. Waungwana wa karne ya 18 walijenga choo cha shimo ndani ya nyumba, jirani na vyumba vya kulala. Pembeni palikaa birika lililosakafiwa kwa chokaa ya matumbawe. Maji yalitekwa kisimani, yakajazwa humo, yakachotwa kwa kata.

Ndani ya birika waliogelea samaki wadogo, wakila viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa fundi alipachika bakuli la kaure kutoka China, ili maji yakipungua, samaki wabaki na pa kuishi.

Mwaka 1775, kule Uingereza, Alexander Cumming alipata hataza ya choo cha kuvuta chenye bomba lililopinda. Maji yanayosalia kwenye pindo huziba harufu. Mafundi wote hao walijua kazi ya maji kidogo yaliyobakizwa makusudi.

Tangu 2001 mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Wenye nyumba, nawasihi: mkileta koki na mabomba mapya, birika msilivunje. Ufundi huo ni wetu.