Khabari za Washauri wa Wanafunzi na Asili Yao Katika Mji wa Boston

Kila mwaka majibu ya mitihani yanapotoka, wazazi hutujia na swali lile lile: mtoto amemaliza sekondari, je, sasa aelekee wapi? Wengine humwuliza sheikh, wengine humwuliza mjomba aliye mjini, na wengine hawamwulizi mtu, basi kijana hushika kazi ya kwanza ipitayo mbele yake. Swali hilo ni la kale. Lakini kuwekwa mtu maalumu ndani ya skuli, ambaye kazi yake ni kukaa na kijana na kumwongoza katika njia ya chuo au ya kazi, ni jambo la karne ya 20. Nimeona yafaa katika kitabu chetu hiki cha kumbukumbu kueleza lilivyoanza, kwani ndani ya khabari zake mna neno lituhusulo.

Lilikuzwa katika mji wa Boston, nchi ya Marekani. Zama hizo mji ule ulijaa wahamiaji waliotoka Ulaya, khasa Wataliana na Mayahudi, na mtaa wao mashuhuri ulikuwa North End. Watoto wengi waliacha skuli mapema wakaingia viwandani. Leo hapa, kesho pale, pasina kujifunza kazi moja ikakamilika mikononi mwao. Mwaka 1901 ilifunguliwa katika mtaa ule nyumba iitwayo Civic Service House, chini ya Meyer Bloomfield, kwa fedha za bibi mmoja mwenye mali, Pauline Agassiz Shaw, ili watu wafanyao kazi mchana wapate masomo jioni.

Katika nyumba hiyo alikuja kufundisha bwana mmoja, Frank Parsons, aliyezaliwa mwaka 1854. Maisha ya mtu huyu yenyewe ni somo. Alisomea uhandisi, akapata kazi katika reli. Mwaka 1873 biashara za Marekani zikaanguka, na kampuni yake ikaanguka pamoja nazo. Akafanya kazi ya sulubu katika kiwanda cha chuma, akafundisha skuli, akasoma sheria akawa wakili, akafundisha sheria katika chuo kikuu cha Boston, akaandika vitabu, na mwaka 1895 akagombea umeya wa mji asipate. Mtu aliyezunguka hivyo ajua vema hasara ya kuingia njiani bila ya kuonyeshwa njia.

Tarehe 13 Januari 1908 alifungua ofisi ya ushauri wa kazi, Vocation Bureau. Utaratibu wake ulikuwa wa mambo matatu. Kwanza kijana ajijue mwenyewe: uwezo wake, tamaa zake, na upungufu wake. Pili azijue kazi: ujira wake, taabu zake, na mafunzo yatakiwayo. Tatu ayapime yale mawili pamoja kwa akili timamu. Alimpa kila mwombaji maswali mengi ya kujibu kwa maandishi, kisha akakaa naye ana kwa ana. Kweli, alitazama hata umbo la kichwa cha mtu, jambo ambalo leo wenye ilimu hawalikubali; lakini hilo tumwachie na zama zake. Lililo kubwa ni kwamba alishikilia kuwa mwenye kuchagua ni kijana mwenyewe. Mshauri huwasha taa tu.

Ilipofika Mei mwaka ule alikwisha kushauri watu themanini, wanaume na wanawake. Mnamo Septemba 1908 akafariki dunia, na kitabu chake Choosing a Vocation kikatoka mwaka 1909, naye yumo kaburini. Skuli za Boston zikaichukua kazi yake, zikateua walimu zaidi ya mia moja kuwa washauri. Nisiseme kuwa yeye alikuwa peke yake: tangu 1907 mkuu wa skuli moja ya Grand Rapids, Jesse B. Davis, aliwataka walimu wake wa Kiingereza waingize somo la mambo ya kazi kila wiki. Na ni katika mji huo wa Grand Rapids ambako mwaka 1913 washauri wa nchi nzima waliunda chama chao.

Kisha jambo lilibadilika sura. Katika vita kuu ya kwanza jeshi la Marekani liliwapima akili kwa mitihani askari zaidi ya milioni moja na laki saba, na baada ya vita vipimo vya namna hiyo vikaingia skulini. Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik angani. Wamarekani wakashtuka, na Septemba 1958 Rais Eisenhower akatia sahihi sheria iliyotoa fedha nyingi kwa vipimo na kwa mafunzo ya washauri, ili wapatikane mapema watoto wa kuwa wahandisi na wataalamu wa sayansi. Mwaka 1959 James Conant akapendekeza mshauri mmoja kwa kila wanafunzi 250 hadi 300. Faida ilikuwapo, wala sikatai. Lakini Parsons alimwuliza kijana yeye ni nani; sasa serikali ilikuwa ikiuliza kijana huyu atatufaa kwa lipi, na maswali hayo mawili si mamoja.

Hapo ndipo ilipo hatari. Mwaka 1963 wataalamu wawili, Cicourel na Kitsuse, walitoa kitabu juu ya skuli moja ya sekondari ya Marekani, wakaonyesha kuwa washauri walipoamua nani afaa kwenda chuo kikuu hawakutazama alama peke yake. Hata nyumba aliyotoka mtoto iliingia katika mizani.

Na nani asiyemjua Malcolm X, aliyehiji mwaka 1964 akaitwa al-Hajj Malik al-Shabazz, na mwaka huo huo akafika Dar es Salaam na Nairobi? Alipokuwa mtoto katika skuli ya Mason, jimbo la Michigan, alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora, na wenzake walimchagua kuwa rais wa darasa. Akamwambia mwalimu wake kuwa ataka kuwa wakili. Mwalimu, ambaye hata hakuwa na cheo cha mshauri, akamjibu kuwa hilo si la mtu mweusi, afadhali afikirie useremala. Wenzake weupe waliokuwa nyuma yake kwa alama walitiwa moyo. Mwenyewe ameeleza kuwa tangu siku ile moyo wake uligeuka. Mwaka 1941 akaihama Michigan, akaenda kwa dada yake katika mji ule ule wa Boston, akapata kazi ya kusugua viatu.

Useremala si aibu. Nabii Zakaria, amani iwe juu yake, alikuwa seremala. Hata Makerere yetu ilipofunguliwa mwaka 1922 wanafunzi wake 14 walifundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Ubaya ni kukadiriwa mtu kabla ya kuulizwa. Na hapa Uganda twalijua jambo hilo. Skuli za mwanzo zilikuwa mikononi mwa misheni, wazazi wengi wa Kiislamu wakaogopa watoto wao wasije wakabatizwa, basi vijana wetu wakawa madereva, wauza nyama na wachuuzi. Riziki hizo ni za halali. Lakini miaka ilipopita, yaliyoletwa na skuli chache yakahesabiwa kuwa ndiyo tabia ya Mwislamu, na baadhi yetu wenyewe tukasadiki, tukawaambia watoto hivyo hivyo. Prince Badru Kakungulu hakusadiki, ndipo akatoa ardhi yake ya Kibuli, na leo pana msikiti na skuli. Na mwaka 1988 chuo kikuu cha Kiislamu kikafunguliwa Mbale.

Milango basi imeongezeka, ila wa kuwaonyesha watoto ni wachache. Huko Marekani kwenyewe chama cha washauri wa skuli, kilichoundwa mwaka 1952, chataka wanafunzi 250 kwa mshauri mmoja, na wastani wa nchi ungali umezidi 300. Kwetu aghlabu kazi hii hupewa mwalimu ambaye tayari ana vipindi vyake vya hesabu au jiografia, naye huwaona vijana baada ya kengele ya mwisho, wakati basi la kurudi nyumbani liko mlangoni.