Ghala na Safari: Michezo Midogo ya Usimamizi Ndani ya Michezo ya Video ya Kundi

Katika michezo ya video ya kuigiza wahusika kwa kundi, mchezaji huongoza watu kadhaa kwa pamoja, mara nyingi wanne hadi sita, kila mmoja na kazi yake: mpiganaji wa mbele, mganga, mchawi, mpelelezi. Mchezaji huamua nani aende safari na nani abaki, nani avae deraya gani, nani asimame wapi vita vikianza. Katikati ya hayo huzungumza nao, huwasuluhisha, na wakati mwingine huwapoteza. Ndani ya michezo hiyo watengenezaji wengi wamepachika mchezo wa pili: kusimamia ngome, ufalme, meli, jeshi au kampuni. Huko upanga hauna kazi. Kuna hazina, kodi, majengo, washauri na kalenda. Huo ndio mchezo mdogo wa usimamizi, na wachezaji wamegawanyika juu yake kwa miaka mingi. Wapo wanaosema unaipa safari uzito, wapo wanaosema unaikatiza hadithi kila inapopamba moto.

Msimamo wa makala hii ni kwamba usimamizi huujenga mchezo pale ghala na safari vinapokula chungu kimoja: mali ileile, watu walewale, siku zilezile. Ukipewa sarafu yake, saa yake na ukurasa wake, hugeuka kazi ya ofisi iliyowekwa katikati ya hadithi.

Asili yake ni ya zamani. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson uliochapishwa Marekani mwaka 1974, ulimruhusu mpiganaji aliyefika ngazi ya tisa kujenga ngome na kukusanya kodi. Mantiki yake haina shida: ukishawafukuza majambazi njiani, wakazi wa njia hiyo watakuja kwako siku ya matatizo. Baldur's Gate II ya mwaka 2000 ilileta wazo hilo kwenye kompyuta kwa kiasi. Mpiganaji alipata ngome ya ukoo wa d'Arnise, mwizi alipata genge la wezi, mwimbaji alipata ukumbi wa maigizo, na baada ya siku kadhaa mjumbe alileta swali la kuamua. Neverwinter Nights 2 ya mwaka 2006 ilikwenda mbali zaidi. Ngome yake, Crossroad Keep, unaikarabati, unaajiri askari na kuwafundisha, kisha adui anakuja kuizingira, na kila ulichokijenga au kukipuuza unakiona mbele ya macho yako usiku wa vita.

Japani walishika njia nyingine mapema. Suikoden, uliotolewa na Konami Desemba 1995 na kuongozwa na Yoshitaka Murayama, ulichukua wazo la nyota 108 kutoka riwaya ya kale ya Kichina. Mchezaji huzunguka nchi akiwashawishi watu wajiunge na uasi, na wanaokubali huhamia katika ngome iliyo ziwani. Hakuna jedwali la kodi. Mhunzi akija, ngome inapata kiwanda cha silaha. Mfanyabiashara akija, inapata duka. Fundi aitwaye Juppo akija, inapata lifti. Ngome inakua kwa sababu watu wameongezeka, na kila chumba kina sura unayoijua. Kwa maoni yangu hakuna mchezo uliotatua suala hili kwa urahisi kama huu, na inasikitisha kwamba wengi waliofuata walikopa ngome wakaacha watu.

Mfano unaobishaniwa kuliko yote ni Pathfinder: Kingmaker, uliotolewa Septemba 2018 na Owlcat Games, kampuni iliyoanzia Moscow. Unapewa miezi mitatu ya mchezoni kumshinda jambazi mkuu wa nchi isiyo na mwenyewe. Ukimshinda unakuwa bwana wa nchi hiyo. Kuanzia hapo una kazi mbili. Kuna viti kumi vya ushauri, kuanzia hazina hadi upelelezi, na wengi wanaovikalia ni wenzako wa safari. Hapa mchezo unafanya jambo zuri sana. Harrim, kuhani mbilikimo anayemtumikia mungu wa mwisho wa dunia, anaweza kuwa kuhani mkuu wa taifa lako changa, na ushauri wake utakuwa na kiza kilekile alichokuwa nacho mlipokuwa mkikaa kando ya moto. Jubilost, msomi mwenye ulimi mkali, anaweza kushika hazina, na atakujibu kama alivyokujibu msituni. Tatizo la nchi linapofika kwenye baraza, kila mshauri hupendekeza suluhisho linalofanana na moyo wake. Ukimteua mtu mkatili usishangae akileta ushauri wa kikatili.

Ila chini ya mazungumzo hayo kuna jedwali. Ufalme una pointi zake za ujenzi. Dhahabu ya kundi inaweza kuzinunua, lakini pointi hazirudi kuwa dhahabu, kwa hiyo hazina ya taifa haiwezi kumnunulia mganga wako hata chupa moja ya dawa. Kupandisha idara ngazi huchukua siku 14, na siku hizo mtawala hukaa ikulu huku kalenda ikijisogeza. Matatizo huja kama kadi zenye tarehe ya mwisho. Unampa mshauri kadi, kete inarushwa, na ikianguka vibaya nchi inayumba. Nchi ikiporomoka, mchezo umekwisha hapo hapo, hata kama kundi lako lingeweza kuua joka. Wachezaji wengi walifika huko baada ya makumi ya saa, bila kujua ni kadi gani ya wiki zipi iliyowaangusha.

Owlcat waliweka njia ya kuikabidhi kompyuta kazi hiyo yote. Anayeichagua hugundua jambo linalopaswa kuwaumiza watengenezaji wenyewe: mazungumzo ya baraza, wenzako, na uamuzi mzito wa nani aadhibiwe na nani asamehewe vinabaki na nguvu, na jedwali likiondoka halikumbukwi. Sehemu ya mchezo inayoweza kuondolewa bila pengo ilikuwa mzigo tangu mwanzo. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilitoa Wrath of the Righteous, safari hii ikiweka majeshi yanayopigana juu ya ramani kwa zamu, na malalamiko yakarudi yaleyale, kwa sababu askari wale wa ramani si watu unaowajua.

Wengine waliteleza kwa namna zao. Pillars of Eternity ya Obsidian, ya Machi 2015, ilikupa ngome ya Caed Nua iliyokuwa ikimeza dhahabu na kurudisha kidogo, huku hadithi kuu ikiendelea kana kwamba haipo. Dragon Age: Inquisition ya mwaka 2014 iliweka meza ya vita yenye washauri watatu walioandikwa vizuri, kisha ikafunga kazi zao kwa saa halisi: nyingine dakika chache, nyingine saa nyingi za saa ya ukutani, hata mchezo ukiwa umezimwa. Katika Yakuza: Like a Dragon, ya mwaka 2020, Ichiban, mtu aliyeanza kwa kulala nje na kuokota makopo, anaweza kuendesha kampuni ya vitafunio na kupata mamilioni ya yeni kwa muda mfupi. Mchezo wa kampuni wenyewe unachekesha na unaleta mwenzi mpya, Eri. Lakini baada yake hakuna silaha usiyoweza kuinunua, na hadithi inaendelea kumzungumzia Ichiban kama mtu wa chini.

Mass Effect 2 ya mwaka 2010 inahitaji kutazamwa peke yake. Kazi yake ya pembeni, kupekua sayari moja baada ya nyingine kutafuta madini, inachosha kuliko zote nilizozitaja: unasogeza alama polepole juu ya duara, unasikiliza mtetemo, unatupa chombo, unarudia. Hata hivyo madini hayo ndiyo yanayoimarisha deraya na kinga ya meli, na usipoimarisha, wenzako wanakufa katika safari ya mwisho, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa upungufu unaoweza kuutaja. Kazi mbaya ikapata maana kubwa, na wachezaji wanakumbuka nani alikufa kwao kuliko wanavyokumbuka uchovu. Hili linatuonyesha kwamba ufundi wa mchezo mdogo una uzito mdogo kuliko mahali matokeo yake yanapoangukia.

Iliyolitambua hilo vizuri kabisa ni kampuni ndogo ya Stoic katika The Banner Saga, wa Januari 2014. Msafara wa wakimbizi unavuka nchi ya theluji. Ukishinda vita unapata sifa, na sifa hiyo moja ndiyo inayonunua chakula cha msafara na ndiyo inayompandisha ngazi mpiganaji wako. Ukimpandisha mpiga mishale, kuna watu watalala njaa. Ukiwalisha watu, kesho mpiga mishale atakutana na adui akiwa vilevile alivyo. Hakuna ukurasa wa usimamizi wa kuufungua na kuufunga, maana kila hatua ya safari ni usimamizi.

Wacheza bao la Kiswahili hawatashangaa. Katika bao kila mchezaji ana kete 32. Mwanzoni anaweka 10 tu ubaoni, sita kati ya hizo ndani ya shimo liitwalo nyumba, na 22 zinabaki ghalani, zikiingia moja kila zamu katika hatua ya namua. Nyumba ni akiba, na pia ni silaha: ukila na kete ya mwisho ikaangukia humo, unaweza kulala na kuitunza, au kuisafirisha na kutawanya kila ulichoweka. Kutunza na kushambulia vinafanyika kwa kete zilezile, juu ya ubao uleule, mbele ya macho ya mpinzani.

Kwa msomaji wa Kivu Kaskazini, hoja kwamba shujaa hapaswi kusumbuliwa na hesabu za ghala haiingii akilini. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola uliothibitishwa Mangina, katika zoni ya afya ya Mabalako. Wiki moja baadaye chanjo ikaanza hapo hapo Mangina. Chanjo hiyo ilitakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, katika eneo lenye umeme wa kubahatisha na barabara za matope. Timu iliyotoka asubuhi kwenda kijijini ilikuwa kundi kamili: mchanjaji, mwuguzi, mwenye orodha ya waliomgusa mgonjwa, mhamasishaji anayejua Kinande na kuwajua wazee wa mahali, dereva anayejua njia ipi haina usalama. Kila dozi iliyotolewa kwenye baridi ilikuwa na muda wake. Nani aende, sanduku libebe dozi ngapi, nyumba ipi itangulie: maswali hayo ya ghala ndiyo yaliyokuwa hadithi yenyewe, na zaidi ya watu 300,000 walichanjwa kabla mlipuko kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Na ghala peke yake halikutosha. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto ndani ya siku chache. Vifaa vilikuwapo, imani ya watu ilikuwa haijapatikana, na hakuna aliyeweza kuinunua kwa magari zaidi. Kingmaker una kipimo cha uaminifu wa raia, namba inayopanda kwa kujenga jengo fulani. Yeyote aliyekaa Beni au Butembo miaka ile anajua jinsi namba hiyo ilivyo ya uongo. Imani ilijengwa na mtu fulani aliyekwenda kukaa na familia fulani na kuruhusu wazike kwa heshima. Mchezo unaotaka kusimulia uongozi kwa ukweli ungempa kazi hiyo mwenzi wa safari mwenye jina, na ungemfanya akosekane kwenye kundi siku anapokuwa huko.

Kuna pia suala la muda, ambalo wahakiki wa nchi zenye umeme wa uhakika hulipitia haraka. Kingmaker ukichezwa kikamilifu hupita saa 100. Kwa kijana wa Butembo anayecheza kwa kompyuta inayotegemea jenereta au paneli ya jua, kila saa ina bei, na saa iliyotumika kubofya kadi za ufalme imetolewa kwenye saa za kukaa na wenzake. Kwake yeye mchezo mdogo usio na uzito ni hasara ya mafuta.

Kiswahili tayari kimeingia katika michezo mikubwa: Tales of Kenzera: Zau, wa Aprili 2024, ulioongozwa na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, unaweza kusikilizwa wote kwa Kiswahili. Huo ni wa shujaa mmoja. Kwa vijana wa Goma, Butembo na Beni wanaojifunza kutengeneza michezo, wa kundi bado unawasubiri, na ombi langu kwao ni hili: kabla ya kuchora ukurasa wa hazina, andikeni majina ya watu watakaoishika, kisha amueni nani kati yao atapungukiwa hazina ikikauka. Na kwa anayetaka kuanza kucheza tu, aanze na The Banner Saga. Akienda Kingmaker, aikabidhi kompyuta jedwali la ufalme, lakini baraza asikose hata kikao kimoja.