Mchemraba wa Nasik

Mwaka 1866 mmisionari Mwingereza wa Church Missionary Society (CMS), Andrew Hollingworth Frost, aliyeishi miaka mingi Nasik, magharibi mwa India, alichapisha mchemraba wa namba. Ulikuwa na namba 343, matabaka saba ya saba kwa saba. Jumlisha safu yoyote, nguzo yoyote, au mshazari wowote wa tabaka lolote: unapata 1204. Miraba bapa ya aina hii ilijulikana kitambo, na walimu wa pwani yetu waliiandika ndani ya hirizi. Kuiinua iwe mchemraba uliokamilika kiasi hicho ni jambo jingine kabisa.

Nasik hiyohiyo ililea watoto wa Afrika Mashariki. Manowari za Uingereza ziliwakomboa kutoka majahazi ya watumwa, wakapelekwa Bombay, na baadhi wakafikishwa katika misheni ya CMS wakasoma na kujifunza useremala na uhunzi. Mwaka uleule wa 1866, mpelelezi David Livingstone alishuka pwani ya kusini ya Tanzania ya leo akiwa na vijana wa Nasik. Mwenzao Jacob Wainwright, Myao, alimfuata baadaye. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Wainwright ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti mahali alipofia, na mwaka 1874 alihudhuria maziko yake Westminster, London. Wengine wakawa walimu Rabai na Frere Town, karibu na Mombasa. Ninaona ni haki mwanafunzi wetu akitajiwa Nasik ya hesabu, atajiwe na hiyo ya watoto hawa.

Kariokor, mtaa wa Nairobi wenye jina la Kikosi cha Wapagazi cha Vita Kuu ya Kwanza, panafaa kusimulia habari hizi za waliobeba mizigo ya wengine. Vifuniko vya soda vinavyochezewa drafti vinafaa pia, kuundia mchemraba mdogo wa tatu kwa tatu kwa tatu. Andika 1 hadi 27 kwenye vifuniko. Tabaka la kwanza, safu kwa safu: 1, 17, 24; 15, 19, 8; 26, 6, 10. La pili: 23, 3, 16; 7, 14, 21; 12, 25, 5. Kila safu ni 42. Hapa si mishazari yote ya matabaka inayotii. Mchemraba mdogo kabisa ambao mishazari yake yote inatii, wa tano kwa tano kwa tano, ulipatikana mwaka 2003 na Walter Trump na Christian Boyer.

Tabaka la tatu jaza wewe: jumlisha vifuniko viwili vya kila nguzo, cha tabaka la kwanza na cha la pili kilicho mahali hapohapo, kisha toa jumla hiyo kutoka 42.