Mtume na Mtumwa: Habari ya Asili ya Ubaya

Watu huuliza, Ubaya ulianzia wapi? Wengi huutafuta mbali, kwa pepo na wachawi, au katika taifa lisilo lao. Sisi twaona yafaa tuutafute kwanza katika maneno tuyasemayo kila siku.

Neno kutuma lina wazao watatu. Mtume ni mtu aliyepelekwa kwa heshima, naye ana ujumbe wa kutoa. Kutumia ni kufanya kazi kwa kitu, kama jembe au kisu. Mtumwa naye, kwa asili ya neno, ni mtu mwenye kutumwa. Lakini kwa desturi ya biashara akawa kitu cha kutumiwa, kikanunuliwa na kuuzwa pamoja na majembe.

Jinsi mtu alivyogeuzwa kuwa chombo twaiona katika mapatano yaliyoandikwa Kilwa mwaka 1776. Sultani wa mji ule alimwahidi Mfaransa mmoja, jina lake Morice, watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa riale 20. Na zaidi ya hayo Morice ampe Sultani zawadi ya riale 2 kwa kila mtumwa. Watu hao walitakiwa kwa kazi za mashamba katika visiwa vya Wafaransa, ndivyo Mauritius na Réunion vya leo.

Itazameni hesabu hiyo. Haina hasira wala chuki ndani yake. Mtekaji wa bara alitaka nguo na bunduki, mwenye msafara alitaka faida, Sultani alitaka riale zake 2, na mwenye shamba alitaka mavuno. Kila mmoja alishika kipande chake, na kwa kuwa kilikuwa kidogo mkononi mwake, hakukiita ubaya. Hiyo ndiyo choyo: kumtazama mwenzako usione ila faida yako.

Wala mapatano mapya hayakuung'oa mzizi huo mara moja. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alikubali kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Hata hivyo utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria za Unguja na Pemba hata mwaka 1897, na katika Tanganyika hata mwaka 1922.

Basi tusijione safi kwa kuwa soko limefungwa. Sisi wenyewe tuliwahi kuwatoa watoto wa shule darasani wakapalilie shamba letu, tukasema twawafundisha adabu. Na mahindi tukayala sisi. Kosa letu halilingani na la Kilwa kwa ukubwa, lakini mbegu ni moja. Tangu siku hiyo, kila tumtumapo mtoto, twajiuliza kwanza: twamtuma kwa faida ya nani? Nasi twawaomba walimu wenzetu wajiulize vivyo hivyo.