Kusikia Neva: Kutoka Chura wa Cambridge hadi Mkono wa Mtu

Kiswahili kina kitenzi kimoja chenye kazi mbili. Tunasikia sauti, tunasikia pia baridi, njaa na maumivu. Katika makala haya tunadai kwamba historia ya kunasa na kufasiri umeme wa neva za pembeni, yaani mishipa ya fahamu iliyo nje ya ubongo na uti wa mgongo, ni historia ya kusikia kwa namna hizo mbili: mtaalamu anayesikia kwa chombo, na mwenye mwili anayesikia mwenyewe.

Mwaka 1791, Luigi Galvani wa Bologna alichapisha majaribio yake juu ya umeme na miguu ya chura. Hata baada ya hapo, wataalamu kama Johannes Müller waliamini kwamba kasi ya ujumbe wa neva haiwezi kupimika. Mwanafunzi wake, Hermann von Helmholtz, aliipima. Mwaka 1850, huko Königsberg, aliigusa kwa umeme neva ya chura karibu na msuli, kisha mbali nao, akalinganisha muda uliopita kabla msuli haujajikunja. Alipata takriban mita 27 kwa sekunde.

Kasi ilijulikana, maana ilikuwa bado. Ishara ya uzi mmoja wa neva ni ndogo mno, na vyombo vya karne ya 19 havikuweza kuitenga na ishara za nyuzi nyingine. Huko Cambridge, Keith Lucas alianza kulishughulikia tatizo hilo, lakini alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1916. Kazi ikaendelezwa na mwanafunzi wake, Edgar Adrian, aliyetumia vali za redio kukuza ishara hizo zaidi ya mara elfu moja. Mwaka 1925, yeye na Yngve Zotterman kutoka Sweden walichukua msuli mdogo wa chura, wakaukata kipande kwa kipande mpaka ukabaki uzi mmoja tu wa hisia unaojibu.

Walipoongeza uzito wa kuuvuta msuli, mapigo ya umeme hayakuwa makubwa zaidi. Yalibaki na ukubwa uleule, ila yaliongezeka idadi kwa sekunde. Uzito ulipoachwa palepale, yalipungua polepole. Neva, basi, ina neno moja tu, na hulirudia kwa haraka au kwa utulivu. Kama neno hilo ni mguso au ni joto, hutegemea limepita uzi gani na limefika wapi. Adrian alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1932 na Charles Sherrington. Nchini Marekani, Joseph Erlanger na Herbert Gasser walionyesha kwamba nyuzi nene hupeleka ujumbe haraka, nyembamba polepole; nao wakatuzwa mwaka 1944.

Maarifa hayo yaliingia hospitalini. Mwaka 1949, George Dawson na mwenzake Scott walionyesha hapa Uingereza kwamba ishara za neva za binadamu zinaweza kunaswa juu ya ngozi, bila kukata popote. Leo kipimo cha aina hiyo hutumika kila siku: ishara ikichelewa penye kifundo cha mkono, daktari hujua neva imebanwa hapo.

Hatua iliyotugusa zaidi ni ya Uppsala, Sweden. Kuanzia mwaka 1965, Karl-Erik Hagbarth na Åke Vallbo walijichoma sindano nyembamba katika neva zao wenyewe, wakasikiliza mapigo kwa spika wakiwa macho. Chura hawezi kueleza anachosikia, mtu anaweza. Sauti ya chombo na maneno ya mwenye neva viliwekwa pamoja. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba nyuzi za maumivu zinaweza kutoa mapigo machache bila mtu kusikia maumivu yoyote. Mapigo si maumivu. Ni habari tu, na habari huhitaji mpokeaji.

Kwetu sisi jambo hili si la maabara pekee. Wengi wetu tumewahi kuwakalimania wazazi au jamaa mbele ya daktari. Mama anaposema anasikia ganzi, miguu inawaka moto, au anachomwachomwa kama sindano, anataja mambo matatu tofauti, na mkalimani mwenye haraka huyafanya moja. Kipimo cha kawaida cha neva husoma hasa nyuzi nene zenye kasi. Nyuzi nyembamba za joto na maumivu hazionekani humo, hivyo mgonjwa anaweza kuwa na kipimo kizuri na miguu inayowaka kweli.

Kwa hiyo karatasi ya kipimo isomwe sambamba na maneno ya mgonjwa. Adrian alitufundisha kuhesabu mapigo. Uppsala ilituonyesha kwamba baada ya kuhesabu, lazima tumuulize mwenye mkono: unasikiaje?