Lugha ya darasani na watoto wa wakimbizi wa Burundi

Inapozungumziwa elimu ya watoto wakimbizi, aghalabu huulizwa iwapo yapo madarasa, madawati na walimu wa kutosha. Historia ya Warundi waliokimbilia Tanzania yazusha swali jingine: mtoto afundishwe kwa lugha ya nchi iliyompokea, au ya nchi waliyoikimbia wazazi wake?

Mwaka 1972 utawala wa Rais Michel Micombero uliujibu uasi uliozuka kusini mwa Burundi kwa mauaji makubwa ya Wahutu. Miongoni mwa waliosakwa mwanzo ni waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi wa chuo kikuu na hata wa sekondari. Kwa hiyo familia nyingi zilizovuka mpaka zilikuwa zimeshuhudia jinsi elimu ilivyowaponza ndugu zao.

Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Katavi. Misitu ilifyekwa, mashamba yakalimwa, shule za msingi zikajengwa. Shule hizo zilifuata mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili, kipindi kile kile ambacho nchi nzima ilikuwa ikihimizwa kumpeleka kila mtoto shule. Mtoto wa mkimbizi aliufanya mtihani wa darasa la saba sawa na mwenyeji. Huenda alifundishwa Azimio la Arusha kabla ya kulijua jina la kijiji alikozaliwa baba yake. Sekondari ilikuwa habari nyingine. Nafasi zilikuwa haba hata kwa Watanzania wenyewe.

Wimbi la pili, lililofuatia kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, halikupewa ardhi. Watu hao waliwekwa kambini, na katika kambi za mkoa wa Kigoma, kama Mtabila, watoto walisoma mtaala wa Burundi, kwa Kirundi na Kifaransa. Hoja ilikuwa kwamba watarejea kwao. Basi ndani ya nchi moja, mtoto wa Mishamo alilelewa kuwa Mtanzania, na yule wa Mtabila akatayarishwa kuondoka.

Gharama ya tofauti hiyo ilidhihirika baadaye. Wakimbizi wa 1972 walipotakiwa kuchagua, mwaka 2007, takriban asilimia 80 waliomba uraia wa Tanzania. Wengine zaidi ya 50,000 walirejea Burundi, wengi wao katika miaka ya 2008 na 2009. Watoto wao waliikuta nchi iliyokwisha kufuta ada ya shule za msingi mwaka 2005, lakini ambamo masomo ya madarasa ya juu yalitolewa kwa Kifaransa. Kirundi chao kilikuwa cha nyumbani, si cha kuandikia. Kijana aliyekaribia kumaliza shule ya msingi aliweza kujikuta ameketi na watoto wadogo, si kwa kushindwa hesabu, bali kwa kutolielewa swali.

Waliobaki nao hawakupumua mara moja. Watu zaidi ya 160,000 walikubaliwa uraia kufikia mwaka 2010, lakini vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Kwa muda wote huo waliishi katikati: uraia wa Burundi wameukana, na karatasi ya kuthibitisha Utanzania wao hawana. Kijana wa aina hiyo anapoomba nafasi ya masomo, ajaze nini panapoulizwa uraia?

Warundi wengine walipokimbia machafuko ya 2015, watoto wao walipangiwa tena mtaala wa Burundi. Katika kambi ya Nyarugusu waliwakuta Wakongo, waliokuwa hapo tangu 1996. Wengi wa watoto hao wa Kikongo walizungumza Kiswahili nyumbani, katika nchi ambayo shule zake za msingi hufundisha kwa Kiswahili. Darasani walifundishwa kwa Kifaransa.