Diski Ilifundishwa Kunyamaza

Wasee, kabla mtu akuambie kompyuta ya nyumbani kwenu inaganda "kwa sababu imezeeka tu", hebu nikupe historia kidogo. Mimi niliisoma nikiwa nimechelewa, na ilinigharimu sauti ya shosho.

Iko hivi. 2016 mathe alinunua kompyuta ya mezani, zile za eksi-UK, ya kuandikia hesabu za chama. 2019 shosho akaja Nairobi kuangaliwa macho, akakaa kwetu wiki mbili. Jioni, baada ya chai, nilikuwa nikimrekodi kwa simu akisimulia maisha yake: vile alitoroka shule, vile alikutana na babu sokoni, vile walijenga nyumba ya kwanza kwa udongo na mvua ikaibeba. Rekodi tisa. Simu yangu ilikuwa imejaa, basi nikazihamisha zote kwa kompyuta ya mathe, nikazifuta kwa simu. Shosho alitutoka 2021. 2023 mashine ikaanza kuganda.

Mwanzo haikuwa noma. Unafungua folda, kila kitu kinasimama. Mausi inatembea lakini hakuna kitu kinafunguka, na ile taa ndogo ya mbele inawaka tu bila kuzima. Baada ya sekunde kumi hivi inarudi kama hakuna kitu kimefanyika. Tukasema ni virusi. Tukasema ni Windows. Tukasema ni joto. Tukazoea, miezi minne.

Kumbe hiyo mashine ilikuwa inapigana vita yake kimyakimya. Na ukitaka kujua mbona haikusema kitu, lazima urudi nyuma kabisa.

Diski ya kwanza ya aina hii ilitangazwa na IBM mwaka wa 1956. Ilitengenezwa San Jose, California, na kundi la mhandisi anaitwa Reynold Johnson. Kompyuta iliitwa 305 RAMAC, na kabati lake la kuhifadhia data liliitwa IBM 350. Ndani kulikuwa na sahani 50 zilizopakwa utando wa sumaku, kila moja upana wa inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika. Kitu kizito hivyo, cha kuinuliwa kwa mashine, kilibeba herufi milioni 5. Kwa vipimo vya leo haifiki MB 4. Picha moja ya simu yako ingekijaza.

Lakini wazo ni lile lile liko ndani ya kompyuta yenu leo: sahani inazunguka, na kichwa kinasoma sumaku bila kuigusa. Mwaka wa 1973 IBM ikatoa modeli ya 3340, ambayo watu waliipa jina Winchester, kama bunduki. Hiyo ilifunga sahani na vichwa pamoja ndani ya sanduku moja, vumbi lisiingie. Na vumbi si mchezo. Kichwa cha diski ya kisasa kinaelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, kwa hivyo chembe ya vumbi mbele yake ni kama jiwe barabarani.

Halafu 1980 diski ikaingia kwa kompyuta ndogo. Kampuni ya Shugart Technology, ambayo baadaye ilijiita Seagate, ikatoa ST-506: MB 5, kwa dola 1,500.

Sasa hapa ndipo nataka unisikize. Diski za miaka hiyo zilikuwa zinakuja na karatasi imebandikwa juu. Kwa hiyo karatasi, kiwanda kilikuwa kimeandika sehemu zote mbovu za hiyo diski: sahani fulani, mstari fulani, usiweke kitu hapa. Hakuna utando wa sumaku ulitoka bila kasoro, na kila mtu alijua. Mwenye kompyuta ndiye alikuwa anakaa chini, anaingiza hiyo orodha kwa mkono wakati wa kuandaa diski, ndio mashine ijue ni wapi pa kuruka. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Lakini ulikuwa unajua udhaifu wa chombo chako kutoka siku ya kwanza.

Katikati ya miaka ya 1980 hiyo ikabadilika. Western Digital na Compaq wakaleta mfumo wa IDE, ambapo ubongo wa kuendesha diski ulitolewa kwa kompyuta ukawekwa ndani ya diski yenyewe. Kuanzia hapo, taratibu, diski ikajifunza kujisimamia. Kiwanda kinaiachia sehemu za akiba. Sehemu moja ikiharibika, diski inahamisha kazi yake kwa sehemu ya akiba na haikuambii. Ukiuliza data, unapata data. Karatasi ya kasoro ikatoweka juu ya sanduku, lakini kasoro zenyewe hazikwenda popote.

Sikatai, ilisaidia sana. Bila hiyo, shosho wa mtu hangeweza kutumia kompyuta. Lakini tulilipia hiyo raha. Chombo ambacho kilikuwa kinaonyesha majeraha yake kilifundishwa kuyaficha.

Na kuganda kunatoka hapo. Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani inazunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Kichwa kikishindwa kusoma sehemu fulani, diski haikati tamaa. Inangoja sahani izunguke tena, inajaribu. Inashindwa. Inazunguka tena. Inaweza kurudia mara mamia, na Windows nayo iko hapo imekaa inangoja jibu. Wewe unaona mausi inatembea na hakuna kitu kinafunguka. Zile sekunde kumi za kimya kwetu, diski ilikuwa inasoma mahali pamoja tena na tena na tena.

Watengenezaji waliona hii shida. Mwaka wa 1992 IBM ikaanza kuweka ndani ya baadhi ya diski zake uwezo wa kutabiri kifo chake. Compaq ikafuata na mfumo wake, na kufikia 1995 kazi ya kuunganisha mawazo hayo kuwa kanuni moja ikawa imeanza. Ndiyo tunaiita SMART. Ni daftari la siri ndani ya kila diski. Mle inaandika sehemu ngapi imehamisha, ngapi zinangoja hukumu, joto, hata imewashwa kwa masaa mangapi. Tatizo ni moja: hilo daftari halifunguki lenyewe. Kompyuta nyingi zinakuonya tu wakati mambo yameharibika kabisa.

Na hata ukilifungua, si kila kitu kimeandikwa mle. Mwaka wa 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Diski ikipata kosa la kwanza la kusoma kwenye ukaguzi, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 zaidi ya ile haina kosa. Hiyo ni ishara kubwa. Lakini pia walipata kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya zile ishara nne kali za SMART. Zilikufa zikisema ziko sawa.

Turudi kwetu. Siku mashine iliganda dakika nzima, nilifanya kile kila mtu hufanya. Nikatafuta video, msee akasema endesha chkdsk, weka /r mwisho. Nikaendesha. Ikakaa usiku mzima. Asubuhi ikaganda zaidi, nikaendesha tena. Mara tatu.

Sikujua chkdsk ni ya nini. Hiyo programu iko tangu siku za DOS, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kazi yake ni kupanga mfumo wa mafaili ukae sawa. Si kuokoa mafaili yako. Ikipata kipande haijui ni cha nani, inakitupa kwa folda inaitwa FOUND.000, na jina kama FILE0000.CHK. Na ile /r inailazimisha diski isome kila sehemu yake, mwanzo hadi mwisho. Diski mgonjwa, mimi naikimbiza marathoni. Mara tatu.

Fundi wa kwanza niliyempelekea akasema ni virusi, tuweke Windows mpya, elfu moja mia tano. Nashukuru sikuwa na hiyo doo. Windows mpya ingeandikwa juu ya kile kilichobaki.

Rafiki yangu mmoja ndiye alifungua daftari la SMART. Masaa ya kuwashwa: zaidi ya 31,000. Gawanya kwa 24, hiyo ni zaidi ya miaka mitatu na nusu bila kuzimwa, na mingi ya hayo masaa ilitumika ofisini huko ng'ambo kabla mathe aione. Sehemu zilizohamishwa zilikuwa mia kadhaa. Yote yalikuwa yameandikwa mle, hata siku mathe alilipa. Hakuna mtu aliuliza.

Akaitoa diski, akaichomeka kwa mashine yake ya Linux, akatumia programu ya bure inaitwa ddrescue. Hiyo ina akili: inachukua kwanza sehemu zinazosomeka vizuri, zile ngumu inaziacha za mwisho. Ilichukua siku mbili. Rekodi tisa, tukapata mbili nzima, na nusu ya tatu. Ile ya babu sokoni inakatika kabla hajasema jina lake.

Kwa hivyo, kama kompyuta ya nyumbani kwenu inaganda, fuata huu mpangilio. Si ule wangu.

Kwanza, nakili vile huwezi kununua tena. Picha, sauti, hesabu za mathe. Leo, kabla ya kutengeneza chochote. Movi na gemu ziache, utazipata.

Pili, fungua SMART. Kwa Windows kuna CrystalDiskInfo, ni ya bure. Angalia mstari wa 05, wa C5 na wa C6. Zikiwa zinapanda, hiyo diski inaenda. Ikiwa ni C7 peke yake inapanda, pumua: mara nyingi ni waya wa data umelegea au umeharibika, na huo ni bei ya chakula cha mchana.

Tatu, diski ikionekana sawa, sasa ndio uangalie mengine: feni imejaa vumbi, RAM, virusi.

Nne, ukisikia inagonga tik, tik, tik, zima. Usiiwashe "nione tu". Usiifungue, unakumbuka ile habari ya vumbi.

Na ukinunua eksi-UK, omba kuona SMART kabla ya kulipa. Angalia masaa. Na SSD haikutoi kwa hii hadithi: haina sahani wala kichwa, lakini nayo ina sehemu za akiba na inajua kunyamaza, na ikienda inaweza kwenda bila hata tik.

Nikiri kitu. Hii historia ilinigusa kwa sababu nyingine. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, wengi wenu mnajua. Chenye sijawahi kusema ni kwamba semista mbili kabla ya hapo, kila Jumapili mathe akipiga simu kuuliza masomo, nilimjibu niko sawa. Nilikuwa nimefeli karibu kila kitu. Nilikuwa najaribu mahali pamoja tena na tena, na nje hakuna mtu aliona zaidi ya kukawia kidogo kujibu meseji. Alipokuja kujua, kitu cha kwanza aliniuliza ni, "Mbona hukusema mapema?" Sikuwa na jibu.

Sasa mafaili ya mathe yako mahali matatu: kwa kompyuta, kwa diski ya nje, na kwa akaunti ya mtandaoni. Zile rekodi mbili za shosho na nusu nimemtumia kila mtu wa familia, hata wale hatuongei sana. Jumapili iliyopita mathe aliziskiza na binamu zangu. Ilipofika ile inakatika, binamu mmoja akauliza jina la babu lilikuwa nani kamili, na mathe akalisema yeye mwenyewe, na vile walikutana, hadi mwisho.

Nilikuwa nimeshawasha simu kurekodi.